Rais akirudisha mswada wa wakimbizi bungeni, wakimbizi wanabaki chini ya sheria gani?

Dada mmoja anayeongoza kikundi cha akina mama wakimbizi katika kambi ya Kakuma, Kenya, ameniandikia hivi: "Kila tukianza kuzungumza habari za sheria, wazee wanatukatiza. Wanasema 2017 sheria nzuri ilikuwa imeshapita bungeni, Rais akaikataa, na kwamba inaweza kutokea tena wakati wowote. Je, Rais anaweza kweli kukataa kilichopitishwa na Bunge? Akikataa, sisi tunabaki chini ya nini? Na sisi tusiopiga kura tunaweza kufanya nini?"

Dada yangu, nianze na swali lako la pili kwa sababu ndilo linalowanyima watu usingizi.

Mswada ukirudishwa bungeni, sheria iliyokuwepo inaendelea kutumika kama kwamba hakuna kilichotokea. Mswada hauna nguvu yoyote mpaka uwe sheria, na hauwezi kufuta sheria ya zamani ukiwa bado njiani. Mwaka 2017 wakimbizi wa Kenya walikuwa chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2006 kabla ya Rais kuurudisha mswada, na wakabaki chini ya sheria hiyohiyo baada ya kuurudisha. Hakuna aliyepoteza hadhi yake ya ukimbizi kwa sababu ya uamuzi ule. Kitambulisho kilichokuwa halali Ijumaa kilikuwa halali Jumatatu. Askari wa kizuizi cha barabarani akikuambia kwamba sheria yenu imekataliwa kwa hiyo karatasi yako haina kazi, anakudanganya au amedanganywa.

Tena, hata sheria ya Bunge ikiondolewa yote, kuna kinga inayobaki chini yake. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1966, na baadaye ikajiunga na Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969. Kifungu cha 2(6) cha Katiba kinasema mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Katika mikataba hiyo kuna katazo la kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake au uhuru wake uko hatarini, na katazo hilo halingoji sahihi ya Rais kwenye mswada wowote. Kumbuka pia kwamba kambi ya Dadaab ilifunguliwa 1991 na ya Kakuma 1992, ilhali sheria ya kwanza mahususi ya wakimbizi ilikuja 2006. Kwa takriban miaka kumi na mitano watu walipokewa, wakaandikishwa na kulindwa bila sheria yao wenyewe. Haikuwa hali nzuri, kwa sababu ambapo hakuna sheria afisa ndiye anayeamua, lakini inaonyesha kwamba ulinzi wenu haukuanzia bungeni.

Sasa, Rais anaweza kukataa? Anaweza kuurudisha mswada. Kuua peke yake hawezi, angalau kwa mujibu wa maandishi ya Katiba.

Kifungu cha 115 kinampa siku 14 tangu apokee mswada. Ndani ya siku hizo ana njia mbili tu: atie sahihi, au aurudishe bungeni akieleza asichokubaliana nacho. Kuufungia kwenye droo hakumsaidii, kwa sababu siku hizo zikipita kimya mswada unahesabiwa kuwa umeshatiwa sahihi.

Mswada unaorudishwa huambatana na waraka wa Rais kwa Spika, na huo ndio karatasi ambayo watu wa kikundi chako wanapaswa kuitafuta kabla ya kuamini uvumi wowote. Kwa kawaida hauna maneno mengi. Unataja kifungu cha mswada, unaeleza kasoro ambayo Rais ameiona, kisha mara nyingi unapendekeza maneno mapya ya kuwekwa mahali pa yale ya zamani, au unapendekeza kifungu kifutwe. Pendekezo hilo la mwisho ndilo lenye uzito, kwa sababu ya hesabu ya kura inayofuata.

Bunge likitaka kukubaliana na Rais, linarekebisha mswada kama alivyotaka na Spika anampelekea tena atie sahihi. Wingi wa kawaida unatosha. Likitaka kumpinga, yaani kuupitisha mswada kama ulivyokuwa, au kuurekebisha nusunusu bila kumridhisha, linahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Bunge la Taifa lina wabunge 349 bila kumhesabu Spika, kwa hiyo inatakiwa kura 233. Hesabu haifanywi kwa waliohudhuria siku hiyo. Mbunge aliyeko safarini, aliyebaki nyumbani, au aliyesimama ukumbini nje akizungumza kwa simu kengele ikilia, kutokuwepo kwake kunamsaidia Rais sawasawa na kura. Wakifika 233, mswada unapelekwa tena kwa Rais, naye ana siku saba za kutia sahihi. Asipotia, unakuwa sheria bila yeye.

Hili limeonekana mara kadhaa katika mambo yasiyohusu wakimbizi. Novemba 2019 wabunge waliotaka kuzuia pendekezo la Rais la kuondoa kikomo cha riba za benki walishindwa kufikisha 233, na pendekezo likapita. Juni 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto alirudisha Mswada wa Fedha akipendekeza vifungu vyake vyote vifutwe, na mswada ukafia hapo. Kwa hiyo Katiba imempa Bunge neno la mwisho, lakini imeweka neno hilo kwenye rafu ya juu sana.

Na kwa mswada wa wakimbizi rafu hiyo iko juu zaidi. Ninasema hili bila kupunguza makali: sioni siku ambayo wabunge 233 watajazana ukumbini kumpinga Rais kwa ajili ya watu ambao hakuna hata mmoja wao aliye katika daftari la wapiga kura. Mbunge atakayekosa kikao hicho hataulizwa na mtu kwenye mkutano wa hadhara. Ndiyo maana nawaambia wote wanaofanya kazi hii kwamba wasiweke matumaini yao kwenye theluthi mbili. Kazi yenye maana hufanyika kabla mswada haujafika Ikulu. Ukisharudishwa, kazi hufanyika katika kuusoma waraka na kuihesabu kalenda.

Hilo la kalenda ndilo lililoamua mambo 2017, na hapa naona wazee wenu wanakumbuka nusu ya habari.

Bunge la 11 lilipitisha Mswada wa Wakimbizi wa 2016. Rais Uhuru Kenyatta aliurudisha, na sababu kubwa iliyotolewa ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa kama Katiba inavyotaka. Fikiria tofauti ya sababu ya namna hiyo na sababu ya kifungu. Rais akisema kifungu fulani kinagongana na sheria ya ardhi, kamati inaweza kukaa asubuhi moja, ikabadilisha sentensi mbili, na mswada ukarudi Ikulu. Akisema wananchi hawakuulizwa, hakuna sentensi ya kubadilisha. Dawa yake ni kurudi Garissa na Turkana, kaunti zenye kambi hizo, kukaa na jamii za wenyeji na wakimbizi, kupokea maoni yao na kuyaandika, kisha kuanza upya. Hiyo ni kazi ya miezi, na uchaguzi mkuu ulikuwa Agosti 8, 2017.

Bunge likimaliza muhula wake, miswada yote iliyo mezani inaanguka. Mswada ule ulianguka hivyo. Haukupigiwa kura ya kuuangusha, wala hakuna mbunge aliyesimama kuulaani, ila muda uliisha. Bunge la 12 lililazimika kuanza moja, likaja na Mswada wa 2019, ambao Rais yuleyule aliutia sahihi Novemba 17, 2021. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ikaanza kutumika Februari 2022. Mtoto aliyezaliwa Dadaab mwaka ule mswada uliporudishwa alikuwa anakaribia umri wa kuingia shule ya msingi.

Je, sababu ilikuwa ya haki? Kisheria, ilikuwa nzito. Kifungu cha 118 kinaliwajibisha Bunge kushirikisha umma, na mahakama za Kenya zimefuta sheria kwa kosa hilo. Na kwa dhati, jamii ya Waturkana inayoishi pembeni ya kambi, inayogawana nanyi maji na kuni, ina haki ya kuulizwa kabla Bunge halijaamua mambo ya ardhi yake. Mimi naiunga mkono haki hiyo mia kwa mia. Lakini sababu nzuri inayotolewa uchaguzi ukiwa mlangoni, bila ratiba ya kuitimiza, hufanya kazi ileile ya kukataa moja kwa moja. Na haikutokea hewani. Mei 2016 Serikali ilikuwa imetangaza kwamba itafunga Dadaab, ikavunja Idara ya Masuala ya Wakimbizi iliyokuwa imeundwa kwa sheria ya 2006. Februari 9, 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu aliamua kwamba hatua zote mbili zilikuwa kinyume cha Katiba. Huo ndio upepo uliokuwa ukivuma mswada ulipokuwa njiani. Kila mtu anaweza kujipimia mwenyewe kama Serikali iliyokuwa ikitaka kufunga kambi ilikuwa na haraka ya kupata sheria mpya ya kuwapa wakimbizi haki zaidi.

Hata hivyo, sitaki kikundi chako kiamini kwamba kurudishwa kwa mswada ni msiba kila mara. Kuna mwaka ambao mlitamani Rais arudishe, hakurudisha. Desemba 18, 2014, katika kikao kilichojaa vurugu na makonde, Bunge la Taifa lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama. Rais alitia sahihi kesho yake. Ndani yake kulikuwa na kifungu kilichosema wakimbizi na waomba hifadhi nchini wasizidi 150,000, wakati nchi ilikuwa na idadi inayozidi hiyo mara kadhaa. Maana yake ilikuwa kwamba mamia ya maelfu ya watu wangepaswa kuondoka. Waliokwenda mahakamani walikuwa muungano wa upinzani wa CORD pamoja na watetezi wa haki, na Februari 23, 2015 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu hicho pamoja na vingine, ikisema kikomo cha namna hiyo kingewalazimisha watu kurudi walikokimbia. Siku 14 za Kifungu cha 115 zipo kwa ajili ya siku kama ile. Zilitumika moja tu.

Nimekutajia hili ili unaposikia "Rais amerudisha mswada wa wakimbizi" uulize kwanza: umerudishwa kwa kifungu kipi, na kwa faida ya nani? Kuna mswada unaorudishwa kwa sababu umewapa wakimbizi haki nyingi mno machoni pa watu wa usalama. Kuna unaorudishwa kwa sababu umewanyang'anya haki ambayo mahakama ingeirudisha. Kichwa cha habari ni kilekile, na wanaosikia redioni hawawezi kutofautisha.

Naona pia ni vizuri mjue mlichopata hatimaye, kwa sababu hicho ndicho kitakachoguswa siku mswada mwingine ukija. Chini ya sheria ya 2006, kuhusu ajira mkimbizi aliwekewa masharti yaleyale ya mgeni yeyote asiye raia, na kukaa nje ya eneo lililotengwa kwa wakimbizi bila ruhusa kulikuwa kosa la jinai. Sheria ya 2021 inasema waziwazi kwamba mkimbizi ana haki ya kufanya kazi au biashara, peke yake au katika kikundi, na kufanya taaluma yake iwapo vyeti vyake vimetambuliwa na mamlaka husika. Inazungumzia matumizi ya pamoja ya shule, hospitali na huduma nyingine kati ya wakimbizi na wenyeji. Inamruhusu mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuchagua kuacha hadhi ya ukimbizi na kufaidi haki za raia wa Jumuiya. Kwa Mrundi au Msudani Kusini aliye Kakuma hilo ni jambo la kufikiriwa kwa makini sana na mwanasheria kando yake, maana ukishaacha hadhi hiyo umeacha pia ulinzi wake.

Lakini maeneo yaliyotengwa yamebaki. Mama mwenye duka Kakuma anayetaka kwenda Kitale kuchukua mitumba bado anahitaji pasi ya kutoka, anaiomba, anaisubiri, na tarehe ya kurudi imeandikwa juu yake. Basi likiharibika njiani, tarehe haisogei. Hapo ndipo haki ya kufanya biashara inapokutana na pasi, na pasi ndiyo inayoshinda mara nyingi. Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025, unaolenga kuzigeuza kambi kuwa makazi yanayoishi pamoja na wenyeji, hauwezi kwenda mbali bila kuligusa jambo hili. Sitashangaa likirudi bungeni.

Ndiyo tufike kwa swali lako la mwisho, ninalolipenda kuliko yote.

Hampigi kura, lakini Katiba haikuwafungia mlango wa Bunge. Kifungu cha 119 kinasema kila mtu ana haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo katika mamlaka yake. Kimesema kila mtu, hakikusema kila raia. Kikundi cha akina mama wakimbizi kinaweza kuandika ombi, likatiwa sahihi na wanachama, likapelekwa kwa Karani wa Bunge la Taifa au wa Seneti, na Bunge likawajibika kulishughulikia. Na pale kamati inapotangaza kupokea maoni kuhusu mswada, wakimbizi ndio watu wanaoguswa zaidi na mswada huo. Kuwaacha nje ni kasoro ileile iliyofanya mswada wa 2016 urudishwe. Waandikieni kamati mapema mkisema mko tayari kusikilizwa, na mtunze nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Karatasi hiyo itakuwa na thamani siku mtu akidai umma haukushirikishwa, na siku mtu akidai ulishirikishwa ilhali hamkuulizwa.

Tatizo la kweli ni kwamba matangazo hayo hutoka kwenye magazeti ya Nairobi, kwa Kiingereza, na siku za kujibu ni chache. Chagueni mtu mmoja kikundini, kijana mwenye simu na subira, kazi yake iwe kuangalia tovuti ya Bunge kila wiki na kuwaletea kilichomo kwa Kiswahili. Ni kazi ndogo isiyo na posho na ndiyo inayokosekana kila mahali nilipopita.

Mswada ukisharudishwa, uwanja wa kupigania unabanwa, kwa sababu kamati inajadili yale tu ambayo Rais ameyaeleza kwenye waraka. Ukipeleka kurasa ishirini juu ya kila kitu kinachowasumbua kambini, hazitasomwa. Peleka kurasa mbili juu ya kifungu kilichorudishwa, ukieleza kitakachotokea kwa watu halisi endapo maneno ya Rais yatapitishwa yalivyo, na ukipendekeza maneno ambayo yanaweza kuitoa hofu yake bila kuwavunjia haki. Wabunge hawapendi kumpinga Rais, ila wanapenda sana kupewa njia ya katikati iliyoandikwa tayari.

Wafuateni pia maseneta na serikali za kaunti. Uhamiaji ni kazi ya serikali kuu, lakini soko, zahanati, kilimo na mipango ya ardhi ni mambo ya kaunti. Mswada wa wakimbizi unaogusa hayo unaweza kuamuliwa na Maspika wawili kwamba unahusu kaunti, na hapo Seneti inaingia, nayo pia inatakiwa ifikishe theluthi mbili ya jumbe za kaunti ikiwa Rais atapingwa. Gavana wa Turkana akisema kifungu fulani kinasaidia wafanyabiashara wake, sauti yake inafika mahali ambapo yenu haifiki. Mna maslahi ya pamoja naye zaidi ya mnavyodhani: kambi ikifanya biashara, mji unapata kodi.

Wale wanaotusoma kutoka Tanzania wasichukue hesabu hizi wakazipeleka Dodoma. Kule, kwa Ibara ya 97 ya Katiba yao, Bunge likiupitisha tena mswada uliorudishwa kwa theluthi mbili, Rais ana siku 21 za kuukubali, na asipoukubali analazimika kulivunja Bunge. Mbunge wa Tanzania anayempinga Rais anahatarisha kiti chake mwenyewe. Wa Kenya hahatarishi kiti, anahitaji tu kuwepo ukumbini na wenzake 232.

Kwa wazee wenu nina ombi moja. Wakisimulia tena habari ya 2017, waongeze tarehe. Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni Agosti 2027. Mswada wowote wa wakimbizi utakaofika Ikulu miezi michache kabla ya hapo, kisha ukarudishwa, utakuwa na hatari ileile ya kuangukia kwenye ufa kati ya Bunge moja na jingine. Kama kuna marekebisho mnayotaka kwenye pasi ya kutoka, andikeni ombi lenu sasa, kabla kampeni hazijaanza na wabunge hawajarudi majimboni kwao.